KONA YA SAYANSI: Damu Yetu, Damu Yao na Chungu cha Malwa

  

Mwezi huu sanduku la maswali lilijaa karatasi. Nyingi ni za malaria na za mitihani, hizo nitazijibu moja moja. Lakini kuna moja nimeisoma mara tatu. Mwandiko ni wa mtoto. Inasema hivi:

"Mwalimu, mimi niko darasa la sita. Nyumbani nimekatazwa kukaa dawati moja na watoto wa kabila fulani kwa sababu eti damu yao ni nyingine, hawakuumbwa kama sisi. Sayansi inasema aje?"

Kabila lenyewe alilitaja, mimi nimelifuta makusudi, manake leo ni hilo na kesho ni la kwangu. Jina lake hakuandika, na sitalitafuta. Wala sitaki kumgombeza mzazi wake. Sisi sote hapa tunajua tulichokimbia, na mtu aliyeona nyumba yake ikiwaka huwezi kumwambia tu "sahau". Lakini mtoto ameuliza sayansi inasema nini, na hilo swali lina jibu. Tena jibu lenyewe halitoki mbali, limo ndani ya chungu cha malwa. Twendeni polepole, mtaona.

TUANZE NA DAMU

Ukienda hospitali ukahitaji kuongezwa damu, daktari atapima kundi lako. Makundi makubwa ni manne: A, B, AB na O. Halafu kuna alama ya kujumlisha au ya kutoa. Makundi haya yamo katika kila kabila. Ndani ya nyumba moja, baba anaweza kuwa A, mama B, na mtoto akawa O. Kwa hiyo inawezekana kabisa damu ya ndugu yako wa tumbo moja isikufae, na ya yule jirani msiyesalimiana naye ikakufaa.

Nchi ya Masaba, yaani huko chini ya Mlima Elgon ambao wenyeji wanauita Masaba, ina benki ya damu ya kanda pale Mbale. Mfuko wa damu ukitoka benki unaandikwa kundi. Hauandikwi kabila la aliyeitoa. Mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua hana hata njia ya kujua damu iliyomwokoa ni ya Mteso, ya Mgisu, ya Mjaluo au ya nani.

Hilo ni jibu fupi. Lakini mtoto wetu ameuliza zaidi. Anasema "hawakuumbwa kama sisi". Anataka kujua kama ndani kabisa, kule jicho lisikofika, sisi ni kitu kimoja. Hapo ndipo chungu kinapoingia.

MFANYAKAZI ASIYEONEKANA

Wengi wetu tulipita Busia au Malaba tukija huku. Na wale waliokimbia Kenya mwanzoni mwa 2008 walipokelewa kwanza Mulanda, wilaya ya Tororo. Kwa hiyo mnaijua ile picha ya jioni: wazee wameketi duara, katikati chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu mdomoni. Wateso wanaiita ajon, wengi wanasema malwa. Kwa Wagisu, mwaka wa tohara ukifika, bila pombe hiyo sherehe haijafika.

Sisifii ulevi. Najua ni nyumba ngapi zimelia kwa sababu ya pombe, na wanafunzi wangu nawakataza. Nataka tuangalie inavyotengenezwa tu.

Mama anachukua unga wa ulezi, wengine mnaita wimbi, anaukanda na maji, anauacha siku kadhaa uchachuke. Kisha anaukaanga juu ya bati mpaka unakuwa mweusi mweusi, anauanika. Baadaye anachanganya na kimea, yaani ulezi uliooteshwa ukakaushwa na kusagwa, anatia maji, anafunika. Baada ya siku chache chungu kinatoa povu chenyewe. Hakuna moto chini yake, lakini kinachemka. Nani anafanya kazi humo ndani?

Ni hamira. Hamira ni kiumbe hai, jamaa ya uyoga na ukungu, ila mwili wake wote ni seli moja tu. Seli ni kile kijumba kidogo ambacho viumbe wote wamejengwa nacho, kama vile ukuta unavyojengwa kwa matofali. Mimi na wewe tuna seli nyingi zisizohesabika kwa vidole. Hamira ina moja. Inakula sukari ya nafaka, inatoa hewa, hiyo ndiyo povu, na inatoa kileo. Ikishiba inajigawa, zinakuwa mbili. Mbili zinakuwa nne, nne nane. Ndiyo maana chungu kilichoanza kimya kinaishia kupiga kelele.

Hamira ziko za aina nyingi. Ile ya dukani tunayotilia mandazi huzaa kwa kuchipuza, katoto kanaota ubavuni kama kichipukizi cha mti. Lakini kuna nyingine yenye umbo la kijiti kifupi, ambayo hurefuka halafu inajikata katikati sawasawa, kama mtu anayevunja muwa mmoja akampa mwenziwe nusu. Ni ndogo sana. Ukizipanga 100 mkia kwa kichwa hazifiki milimeta 2.

Mwaka 1893 Mjerumani mmoja mtaalamu wa hamira, Paul Lindner, aliitenga hamira hiyo kutoka katika pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki. Alipotafuta jina la kuipa, alichukua neno la Kiswahili. Mpaka leo wanasayansi wa dunia nzima wanaiita Schizosaccharomyces pombe. Lile neno la kwanza ni refu na linavunja ulimi, lakini la pili hata mtoto wa chekechea analijua. Mjapani akiwa maabara kwake anasema "pombe", Mmarekani naye anasema "pombe". Ni pombe yetu hii hii.

KIJANA ALIYEANGUKA KIFARANSA

Sasa tuvuke kwenda Uingereza. Kuna kijana alizaliwa 1949, anaitwa Paul Nurse. Familia yake ilikuwa ya wafanyakazi wa kawaida. Alipenda sayansi, lakini wakati ule chuo kikuu kilidai uwe umefaulu lugha ya kigeni, naye mtihani wa Kifaransa ulimshinda. Aliurudia, akaanguka. Akarudia tena. Kwa jumla alianguka mara sita. Nyinyi ndugu zetu mliosoma Kifaransa Kongo na Burundi, mkafika huku mkaambiwa mtihani ni wa Kiingereza, mnamwelewa huyu kijana kuliko Waingereza wenzake.

Basi akatafuta kazi. Alipata ya fundi wa maabara katika kiwanda cha pombe cha Guinness. Baadaye chuo cha Birmingham kilikubali kumchukua pamoja na kile Kifaransa chake. Alisoma, akaendelea, na katika miaka ya 1970 akafika Edinburgh, Scotland, kwa mwalimu aitwaye Murdoch Mitchison aliyekuwa akichunguza ile hamira yenye jina la Kiswahili.

Swali lake lilikuwa jepesi kusema, gumu kujibu: seli inajuaje kwamba sasa ni saa ya kugawanyika?

Fikirini vizuri. Kila mmoja wetu alianza kama seli moja tumboni mwa mama. Ikagawanyika, ikagawanyika, mpaka akawa mtoto mwenye pua na kucha. Ukijikata na panga shambani, seli za ngozi zinagawanyika, kidonda kinafunga. Kidonda kikifunga, zinaacha. Nani aliziambia anza? Nani aliziambia basi?

Nurse na wenzake walitafuta hamira zilizoharibika. Wakaona aina mbili za ajabu. Kuna zile zilizokula na kurefuka, zikarefuka mpaka zikawa kama uzi, lakini kugawanyika haziwezi. Na kuna zile zilizogawanyika mapema kabla hazijakomaa, zikabaki vijitu vidogo. Hizi ndogo waliziita "wee". Si ile "wee!" yetu ya kumkaripia mtoto, ni neno la Kiskoti maana yake "dogo".

Uharibifu ulikuwa katika jeni. Naomba tusichanganye: nimesema jeni, sikusema jini. Jini ni la hadithi. Jeni ni agizo lililoandikwa ndani ya seli, kwenye uzi mwembamba uitwao DNA, linaloeleza namna ya kutengeneza protini fulani. Protini nayo ndiyo fundi anayefanya kazi. Agizo likikosewa, fundi anatoka kilema.

Katika jeni zote walizokuta, moja iliwashangaza. Waliiita cdc2. Ikiharibika kwa namna moja, seli haigawanyiki kabisa. Ikiharibika kwa namna nyingine, seli inagawanyika mapema mno. Hapo Nurse akaelewa kwamba hii si jeni ya kubeba mizigo. Hii ndiyo inayoshika saa.

AFISA, WINO NA MUHURI

Hiyo protini inafanyaje kazi? Nitawapa mfano wa mpakani, si wote tumepanga foleni?

Chukua seli kama lori lililofika Busia. Haliwezi kuvuka mpaka afisa agonge muhuri kwenye karatasi. Protini ya cdc2 ndiyo huyo afisa. Muhuri wake ni chembe ndogo ya fosfati anayoibandika kwenye protini nyingine. Protini ikishapigwa muhuri inajua kazi imeanza: nyuzi za DNA zikazwe, zipangwe katikati, zivutwe huku na huku, seli ijikate.

Lakini afisa bila wino ni kazi bure. Wino ni protini nyingine inayoitwa saiklini. Inajaa kidogo kidogo, ikifikia kiasi inaungana na afisa naye anapata nguvu ya kugonga. Kazi ikiisha saiklini inavunjwa yote, inatupwa, na inaanza kujaa upya kwa ajili ya mzunguko unaofuata. Mwingereza Tim Hunt ndiye aliyeigundua saiklini mwaka 1982, akichunguza mayai ya mnyama wa baharini mwenye miiba anayeitwa urumbu wa pwani katika vitabu vingine. Watu wa pwani mnamjua vizuri, ukimkanyaga hutembei siku mbili.

Tena kuna askari anayemshika afisa mkono asigonge haraka. Huyo ndiye protini ya jeni ya wee. Anasema ngoja kwanza, lori halijajaa. Askari akiugua, malori yanapita matupu, ndiyo vile viseli vidogo.

Na kabla ya yote karatasi lazima ziwe tayari, yaani DNA iwe imenakiliwa yote ili kila mtoto apate nakala yake kamili. Seli ya hamira hii ina nyuzi 3, tunaziita kromosomu. Seli ya binadamu ina 46. Ukigawanya kabla ya kunakili, mtoto mmoja anakosa urithi.

LONDON, 1987

Sasa sikilizeni sehemu hii, kwa sababu hapa ndipo lilipo jibu la mtoto wetu.

Nurse alihamia London. Pamoja naye alikuwa mwanasayansi mwanamke, Melanie Lee. Wakajiuliza: je, binadamu naye ana jeni kama hii? Watu wengi wangesema haiwezekani. Hamira ni kitu cha kwenye chungu, mtu ni mtu.

Walichukua hamira ambazo cdc2 yake imeharibika. Hamira hizi ukiziweka kwenye joto la nyuzi 25 zinaishi. Ukizipandisha mpaka kama nyuzi 36, afisa wao analegea, zinarefuka bila kugawanyika, zinakufa. Halafu wakachukua vipande vingi sana vya maagizo ya binadamu, wakazimwagia hamira hizo, kila moja ibebe kipande itakachobahatisha. Kisha wakapandisha joto.

Karibu zote zilishindwa. Lakini chache zikaendelea kugawanyika kana kwamba hazina ugonjwa. Walipofungua kuona zimebeba nini, walikuta zimebeba jeni ya binadamu. Hamira ya pombe iliyokosa afisa wake ilikuwa imepewa afisa wa mtu, ikamkubali, akagonga mihuri kazi ikaenda.

Hii ilitangazwa mwaka 1987. Waliposoma herufi za protini hizo mbili, ya hamira na ya mtu, zote zilikuwa na urefu wa karibu herufi 300, na katika kila herufi 100 zaidi ya 60 zilikuwa sawasawa. Jeni hiyo ya binadamu leo inaitwa CDK1, iko kwenye kromosomu namba 10. Wewe unayesoma unayo. Anayekusikiliza anayo. Jirani wa block ya pili mnayegombania naye foleni ya maji anayo.

Mwaka 2001 Nurse, Hunt na Mmarekani Leland Hartwell, ambaye alifanya kazi kama hiyo kwa hamira ya mikate, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

KWA NINI HAIKUBADILIKA?

Wanasayansi wanahesabu kwamba njia ya hamira na njia yetu ziliachana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Najua si kila nyumba inakubali hesabu hiyo, na wazee wa dini nawaheshimu. Lakini lile jaribio la 1987 liko pale pale hata kama hesabu ya miaka unaiweka kando: jeni ya mtu ilifanya kazi ndani ya hamira.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, kama muda ni mrefu hivyo, mbona hii jeni haikubadilika kama vitu vingine? Jibu ni kwamba makosa yalitokea, ila waliokosea hawakuacha watoto. Rangi ya ngozi ikibadilika, mtu anaishi. Urefu, umbo la pua, nywele, vyote vinaweza kubadilika na maisha yakaenda. Lakini afisa wa mpaka akiharibika, seli haigawanyiki, na kiumbe kinaishia hapo. Ni kama kupika ugali. Bibi yako alitumia unga wa mtama, mama wa muhogo, wewe wa mahindi ya mgao. Sufuria imebadilika, mwiko umebadilika. Lakini hakuna hata mmoja aliyejaribu kupika bila maji akala.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu wa darasa la sita, sayansi inasema hivi. Vitu vinavyotutofautisha vipo, na vingi tunaviona kwa macho kwa sababu viko juu juu. Lugha hazimo kabisa kwenye jeni, mtu anafundishwa. Kabila halimo, mtu analelewa nalo. Kule ndani kabisa, kwenye kazi ambayo bila hiyo hakuna uhai, afisa wako na afisa wa mwenzako wa dawati ni yule yule. Na kama hamira ya malwa iliweza kupokea jeni ya mtu ikaishi nayo, mimi sioni "hawakuumbwa kama sisi" itasimama wapi.

Kwa wazazi nasema neno moja. Kama kuna mtu alikukosea, mwambie mtoto ukweli: huyu mtu alifanya hivi. Hilo ni jambo la mtu na matendo yake, na lina mahakama na lina wazee. Lakini ukimwambia mtoto kwamba ubaya uko kwenye damu, umemfundisha sayansi ya uongo. Maneno ya namna hiyo ndiyo yaliyosemwa redioni na barabarani kabla ya sisi kukimbia.

AFISA AKIPATA WAZIMU

Kabla sijamaliza kuna jambo la afya, na kina mama naomba mlishike.

Nimesema seli zinajua wakati wa kuacha. Wakati mwingine maagizo yanaharibika na seli haziachi tena. Zinagawanyika ovyo, hazisikii askari. Hiyo ndiyo saratani, wengine mnaita kansa. Si laana wala si kurogwa, na hauambukizwi kwa kula sahani moja na mgonjwa.

Huku kwetu kuna saratani moja ya watoto ya kujua. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, jina lake Denis Burkitt, aliona mtoto aliyevimba taya. Akaona wengine, na mwaka 1958 akaandika habari yake. Aligundua kwamba inapatikana zaidi sehemu zenye joto na mvua, kule kule kunakosumbua malaria. Nchi hizi za Uganda mashariki na Kenya magharibi zimo. Baadaye, mwaka 1982, ikajulikana kwamba katika ugonjwa huu kuna jeni inayoitwa MYC ambayo imekatika ikahamia mahali si pake, na hapo inaisukuma seli igawanyike bila kupumzika.

Dalili yake ni uvimbe wa taya, meno kulegea, jicho kutokeza, au tumbo kuvimba, na unakua haraka sana, siku kwa siku. Ukiona hivyo kwa mtoto usianze na kung'oa jino wala kuchanja. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, uombe rufaa. Ugonjwa huu unasikia dawa, na watoto wengi wanaowahi matibabu na kuyamaliza wanapona. Uganda ilianza kituo chake cha kutibu saratani hii Mulago mwaka 1967, ndicho leo taasisi ya saratani ya nchi. Moja ya dawa zinazotumika, vinkristini, inatokana na lile ua la waridi na jeupe tunalopanda mlangoni, asili yake Madagaska. Inafanya kazi kwa kuzuia seli isivute nyuzi zake pande mbili, kwa hiyo inashindwa kugawanyika. Lakini tafadhali msichemshe maua nyumbani, ni sumu. Dawa inapimwa hospitali.

Na kazi ya wale wa hamira nayo imezaa dawa. Tangu 2015 kuna vidonge vya aina fulani ya saratani ya matiti vinavyowafunga mikono ndugu wa CDK1, wanaoitwa CDK4 na CDK6. Bei yake bado iko juu, lakini njia imeshafunguka.

ZOEZI LA NYUMBANI

Watoto, hili mfanye na mtu mzima, kwa sababu ya maji moto.

Tafuteni chupa mbili tupu za maji, vijiko viwili vya sukari, hamira ya mandazi kidogo, na mifuko miwili midogo ya nailoni au puto mbili.

1. Chupa ya kwanza: tia maji ya uvuguvugu, yale ya kumwogeshea mtoto mchanga. Tia kijiko kimoja cha sukari na nusu kijiko cha hamira. Tikisa, funga puto mdomoni.

2. Chupa ya pili: hamira yake uichemshe kwanza kwenye kikombe cha chuma, iache ipoe, halafu fanya vile vile.

3. Acheni saa moja. Angalieni puto ipi inavimba.

Andikeni mlichoona na kwa nini. Mkiweza, fanyeni nyumba mbili pamoja, moja ilete sukari na nyingine hamira, ili gharama ipungue. Majibu leteni darasani Ijumaa. Na yule wa darasa la sita, hata ukikaa kimya nitajua umesoma. Dawati la mbele karibu na dirisha lina nafasi mbili, njoo na mwenzako.

Mwezi ujao nitajibu mama aliyeuliza kwa nini mapacha wake hawafanani. Maswali yawekeni kwenye sanduku kama kawaida, jina si lazima.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa kujitolea, Kona ya Sayansi